Msomaji wa Tatu

Utotoni, neno lake la kwanza kwa kila habari lilikuwa "kumbe!" Ukimwambia mvua hutoka mawinguni, "Kumbe!" Ukimwambia paka ana kucha anazozificha ndani ya vidole, "Kumbe!" kisha anakwenda kumfumbua paka vidole kimoja kimoja, anarudi na mikwaruzo hadi viwikoni, uso unang'aa kama aliyetoka arusini. Kaka yake akaanza kumwita Kumbe kwa kumtania. Mtaa ukalidaka jina, na jina likamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Leo ni mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mtaalamu wa maabara mwenye miwani na koti jeupe, lakini akipita mbele ya kibanda cha kinyozi bado anasikia:

"Kumbe! Vipi damu zetu?"

"Bado nyekundu," hujibu bila kusimama.

Kazi yake ni kusoma damu. Tone la mgonjwa hupakwa kwenye kipande chembamba cha kioo kiitwacho slaidi, likakaushwa, likatiwa rangi. Kisha Kumbe huinamia hadubini na kutafuta vimelea vya malaria, vidoadoa vya zambarau vinavyojibanza kama wadaiwa mwisho wa mwezi. Akiviona, anaandika. Asipoviona, anatafuta tena. Kazi hiyo aliipenda. Alikuwa akisema kwamba ukitazama vizuri, tone la damu ni uwanja wa mpira siku ya fainali.

Lakini mtu anaweza kukipenda kiti chake na bado akawa anatazama mlango. Kumbe alibisha milango miwili kwa mpigo, akiamini hata mmoja hautafunguliwa. Ikafunguliwa yote miwili, ndani ya wiki moja.

Wa kwanza ulikuwa wa kitivo cha tiba. Aende akasomee udaktari wa kutibu watu, aanze mwaka wa kwanza pamoja na vijana waliomaliza shule juzi. Wa pili ulikuwa wa shahada ya uzamivu. Aende akafanye utafiti chini ya Profesa mmoja mwanamke, anayechunguza kwa nini malaria huwarudia baadhi ya watoto hata baada ya kumaliza dawa. Huku na huku walitaka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Nafasi isiyojibiwa ingekwenda kwa aliye nyuma yake kwenye foleni, na asingeipata tena.

Jumatatu jioni akaliweka jambo mezani nyumbani.

Nyumbani ni chumba kimoja kikubwa cha mbele na vidogo viwili nyuma. Cha mbele ni sebule, na ni kiwanda pia, kwa kuwa Mama ni fundi cherehani. Cherehani limekaa dirishani, pazia la kupimia wateja liko pembeni, na vipande vya vitambaa vimetapakaa chini hata mgeni hajui zulia lina rangi gani. Mama alikuwa na sheria moja iliyowaudhi wateja wote. Hakati kitambaa mpaka akupime mara mbili, siku mbili tofauti.

"Mwili wa jana si wa leo," huwaambia. "Jana ulikuwa na hasira, leo umeshiba. Na mkasi haujui kuomba samahani."

Kaka mtu naye alikuwapo jioni hiyo. Yeye ni dereva wa gari la mikate, na kila jioni hupita na mkate mmoja uliobonyea usiouzika, akauweka mezani kama aliyechinja ng'ombe.

Mama alimsikiliza bintiye mpaka mwisho. Kisha akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. Wote wakajua neno zito linakuja, maana maneno mepesi huyasema pini zikiwa ndani.

"Tiba," alisema. "Mwanangu, miaka yote hii unaona damu ya watu, humwoni mwenye damu. Nenda kawatibu."

"Mama!" Kaka akadakia, mkate mdomoni. "Huyu? Umtie wodini huyu? Mgonjwa akimuuliza, 'Daktari, nitapona?' atamjibu, 'Swali zuri, kwa nini unauliza?' Huyu ni mtafiti, amezaliwa hivyo. Umesahau alivyomfumbua paka vidole?"

"Paka alipona," alisema Kumbe.

"Paka alihama!"

Mama akacheka, lakini hakutoka kwenye mstari wake. "Na huyo wa utafiti, naye ataitwa daktari?"

"Ataitwa, Mama."

"Sasa jirani akija hapa anaumwa mgongo?"

"Atamwambia, 'Mgongo wako unavutia sana, kaa hapo niuchunguze,'" alisema Kaka. "Miaka minne baadaye atamletea jibu. Bibi wa watu kashapinda kama ndoano."

"Si umeona?" Mama akamgeukia bintiye. "Hata kaka yako anakubaliana nami."

"Sijakubali! Nimetania!"

"Ukweli hupitia mlango huo huo."

Kumbe alikuwa akicheka nao, ila jicho lake lilikuwa juu ya kabati. Pale Mama alikuwa ameweka kitambaa cheupe, kizito, kipya, kimekunjwa vizuri na kufunikwa gazeti vumbi lisikiguse. Hakukuwa na mteja aliyeagiza nguo nyeupe. Kumbe hakuuliza. Alijua ni koti, na alidhani anajua ni koti la nani. Kitambaa kile kilimlemea kuliko maneno yote ya jioni hiyo.

"Njia panda ilimpasua fisi msamba," alisema Kaka akiinuka.

"Fisi hakuwa na familia ya kumvuta huku na huku," alijibu Kumbe. "Alijipasua mwenyewe kwa raha zake."

Kesho yake alimsimulia Jirani.

Jirani hakuwa jirani wa nyumba. Alikuwa mwenzake wa hadubini ya pembeni, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, ambaye kiti chake na cha Kumbe vimekaa bega kwa bega miaka mingi hata wakasahau majina ya kwenye vitambulisho. Kumbe humwita mwenzake Jirani, naye huitwa Kumbe kama kila mahali.

Katika maabara ile slaidi haisomwi na mtu mmoja. Wa kwanza husoma akanyamaza. Wa pili husoma akanyamaza. Ndipo hutazamana na kila mmoja kusema alichokiona. Wakipatana, jibu linakwenda kwa mganga wa zamu wa hospitali. Wakipishana, huitwa msomaji wa tatu, na huyo haambiwi wa kwanza kasema nini wala wa pili kasema nini. Anapewa kioo, basi. Sikio likishajaa, jicho huona lililosikika.

"Nyumbani kwenu wasomaji wawili wamepishana," alisema Jirani, jicho lake likiwa bado kwenye hadubini. "Sheria unaijua."

"Msomaji wa tatu."

"Msomaji wa tatu. Asiyeambiwa kitu."

"Basi wewe."

"Mimi? Mama yako alinipigia simu jana. Akanieleza, nikamwitikia, akanieleza upya. Mimi sikio limejaa hadi linamwagika. Tafuta mwingine."

Kumbe akatoka kazini siku ile na nia ya kumtafuta huyo mwingine, mtu mmoja tu mwenye masikio matupu. Alidhani ni kazi nyepesi.

Alianza kwa kinyozi. Hata hajafungua kinywa, kinyozi akasimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja. "Tiba, dada! Mama yako kashatueleza. Tena harakisha, hapa tunaumwa."

Mteja, nusu kanyolewa nusu bado, akaunga mkono.

Akaenda dukani. Mwenye duka akatazama kulia na kushoto kama anayeuza magendo. "Mimi nasema utafiti," alinong'ona. "Kaka yako kaniambia asubuhi wakati anashusha mikate. Hakunilazimisha, hapana. Alisema tu kwamba gari likiwa na mawazo huchelewa njiani."

Mlangoni kwao akamkuta bibi wa nyumba ya tatu, amekaa kwenye kigoda, gauni limepandishwa hadi juu ya goti, goti limeelekezwa barabarani kama taa ya gari.

"Mwanangu daktari, ndio unarudi? Hebu nitazamie hili."

"Shikamoo, Bibi. Mimi si daktari. Mimi ni wa maabara."

"Marahaba. Na goti nalo si zima. Mtakwenda pamoja taratibu."

Tumaini la mwisho lilikuwa mpangaji mpya wa chumba cha juu, aliyehamia mchana huo huo. Kumbe alimkuta kwenye ngazi amekumbatia godoro, haonekani uso. Akafurahi. Huyu hakuna anayemjua hapa, naye hamjui yeyote.

"Karibu sana mtaani, kaka. Samahani, naweza kukuuliza jambo?"

Uso ukachungulia pembeni mwa godoro. "Wewe ndiye Kumbe? Wenyeji wameshanieleza. Mimi nipo upande wa mama."

Jumatano, saa ya chai, Kumbe akakiri kushindwa. "Jirani, mtaa mzima umejaa masikio. Hata godoro limeambiwa."

Jirani akapuliza chai yake. "Hapo ndipo unapokosea. Unakwenda kwa watu unaomba maneno. Tangu lini msomaji wa tatu akapewa maneno? Anapewa kioo. Kaa mahali pako, fanya kazi yako, ujitazame. Lililomo litaonekana."

"Na lisipoonekana kabla ya Ijumaa?"

"Utakuwa slaidi ya kwanza kunishinda."

Maneno matamu, lakini Kumbe aliyaona ya mtu ambaye haulizwi chochote na mtu yeyote Ijumaa. Usingizi wa siku hiyo ulimjia kwa mapande. Akifumba jicho la kulia anaona wodi. Akifumba la kushoto anaona maabara ya Profesa, mashine zinazonguruma polepole na maswali yasiyo na foleni. Alitaka kote. Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa anataka mahali pamoja tu, shida ingekuwa ya mama yake na kaka yake, wangegombana wao yeye akalala.

Alhamisi ikafika, na Profesa alikuwa amesema atapita asubuhi hiyo. Alitaka kusikia kwa mdomo kabla ya kuandikiwa. Alitaka pia, kama ipo, kuonyeshwa damu ya mtoto yeyote aliyerudiwa na malaria.

Ikawapo. Kabla ya saa ya chai ikaletwa damu ya mtoto wa kike wa miaka mitatu. Kumbe akasoma akanyamaza. Jirani akasoma akanyamaza. Wakatazamana.

"Vingi," alisema Kumbe.

"Vingi, na ni yule yule!" Jirani akainua kichwa. "Ni mara ya tatu huyu. Profesa atataka kukipiga busu hiki kioo. Kitie sandukuni kabla hakijapata miguu."

Katika maabara ile slaidi zisizo na kitu huwekwa kwenye trei kando ya sinki, zikaoshwa zikatumika tena, kwa kuwa vioo vipya haviji kila vinapoitwa. Zenye vimelea huwekwa kwenye sanduku la mbao, kila moja kwenye kijia chake. Kumbe alikuwa anaelekea kwenye sanduku, slaidi mkononi. Akapita mbele ya kidirisha cha kutolea majibu, akatazama nje.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa mama kijana, mtoto amelala mapajani, miguu inaning'inia. Mguu mmoja una kandambili ndogo nyekundu. Mwingine hauna, kandambili yake imedondoka chini na mama hajui. Alikuwa anatazama ukuta jinsi mtu anavyoutazama akiwa amegombezwa.

Watu wa maabara hawatoki kwenda ukumbini. Jibu hupita kidirishani, linakwenda kwa mganga. Kumbe alilijua hilo. Aliweka slaidi pale mkono ulipofika, akafungua mlango, akatoka.

Akachuchumaa mbele ya benchi. "Habari, mama. Anaendeleaje mtoto?"

"Moto tu, dada." Akamfunika mtoto kwa ncha ya kanga. "Wananiambia sikummalizia dawa. Nilimmalizia. Naapa nilimmalizia, mara zote mbili."

"Nakuamini. Hebu niambie, ulikuwa unampaje?"

"Naiponda, naitia kijikoni na maji, namshika, anameza."

"Akishameza?"

"Analia. Halafu anatapika kidogo. Halafu analala."

"Anatapika papo hapo?"

"Papo hapo. Lakini nasema, si imeshagusa tumbo? Imeshaingia."

"Na ulipomwambia mganga kwamba anatapika?"

Mama kijana akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Hakuna aliyeniuliza. Wananiuliza nimemaliza? Nasema nimemaliza."

Kumbe akasimama. "Nipe huo mkoba. Tunakwenda."

Akabeba mkoba, akaiokota ile kandambili akaitia mfuko wa koti maana mikono ilikuwa imejaa, akawapeleka hadi mlango wa chumba cha mganga. Mganga alikuwa na foleni inayozunguka nguzo, lakini alisikiliza.

"Amemaliza dawa," alisema Kumbe. "Dawa ndiyo haikukaa. Anaitapika papo hapo kila anapopewa."

Mganga akaacha kuandika, akamtazama mama, akamtazama mtoto. "Basi tumlaze. Apewe chakula kwanza, apewe dawa mbele ya muuguzi, na akitapika arudishiwe." Akamgeukia Kumbe. "Laiti majibu yote yangekuja na miguu yake. Asante, dada."

Muuguzi akawachukua. Kumbe akarudi maabara akiwa na wepesi fulani kifuani, kama mtu aliyekumbuka wimbo uliomsumbua tangu alfajiri.

Jirani alikuwa amesimama kwenye sinki. Mikono ina povu hadi viwikoni, na uso umepauka.

"Kumbe. Slaidi ya yule mtoto uliiweka wapi?"

"Sandukuni."

"Sanduku nimelipekua kijia kwa kijia."

Wote wawili wakageuka polepole kutazama trei ya kando ya sinki. Ilikuwa tupu. Juu ya kitambaa cha kukaushia, slaidi zimepangwa safu kwa safu, zinameta, safi kama dhamiri ya mtoto mchanga. Kila siku kabla ya chai Jirani huosha zilizo kwenye trei huku akiimba, na siku hiyo alikuwa ameimba beti zote.

"Uliiweka kwenye trei," alisema Jirani.

"Niliiweka kwenye trei," alisema Kumbe.

"Nami nimeiosha. Nimeliosha swali la Profesa kwa sabuni ya unga!" Jirani akaketi, machozi yakamlenga. "Na anakuja sasa hivi! Vimelea vimerudi mara tatu vikatusubiri, sisi tukavimwaga kwenye bomba kama maji ya vyombo!"

Kosa lilikuwa la Kumbe, na alilijua. Akasimama kuungoja uchungu kama mtu anavyongoja chafya. Akangoja. Puani kukawasha kidogo, kisha hakuna kitu. Aliona aibu mbele ya mwenzake, ndiyo, na alisikitika kumwona analia. Lakini kwa ile slaidi yenyewe, kwa lile swali lililokwenda na povu, alitafuta huzuni kila pembe ya moyo wake asiikute.

Akatia mkono mfukoni kumtolea Jirani leso. Ikatoka kandambili.

Ilikuwa ndogo kuliko kiganja chake, nyekundu, kisigino kimeliwa upande mmoja na mwendo wa mtoto anayekimbia kabla ya kujua kutembea. Na hapo ndipo uchungu ulipomjia, tena kwa kasi, kutoka upande ambao hakuwa ameuangalia. Mtoto amekwenda wodini na mguu mmoja peku. Akiamka atashuka kitandani, sakafu ni baridi, atatafuta kiatu chake, hatakiona, na mama yake hana nguvu ya kutafuta kitu kingine leo.

"Kumbe," alisema. Hakuwa anajiita jina.

"Kumbe nini?" Jirani akauliza, kisha bila kungoja jibu akaruka kutoka kitini. "Subiri! Kichupa! Damu iliyobaki si ipo kwenye friji?" Kabla sentensi haijaisha kichwa chake kilikuwa ndani ya friji. "Ipo! Tone lipo! Tunapaka upya!" Akaanza kupanga vioo haraka haraka. "Kwani huko ukumbini ulikwenda kufanya nini?"

"Kumuuliza mama. Mtoto alikuwa anatapika dawa."

"Aa. Basi ndiyo sababu." Jirani akapaka tone, akakiinua kioo mwangani. "Lakini subiri. Wangapi wanatapika dawa? Wengi. Mbona hao hawarudi mara tatu? Kwa nini yeye? Ilibaki kiasi gani tumboni? Na vimelea vilivyoonja dawa kidogo kidogo hivyo, vinakuwaje? Hukutaka kujua?"

"Ningependa kujua," alisema Kumbe kwa unyoofu. "Ila napenda kujua kama amevaa kiatu."

Mlangoni kulikuwa na mtu. Profesa, mama mnene mwenye raba za michezo na kicheko kinachomtangulia, alikuwa amesimama hapo muda wa kutosha kusikia maswali yote ya Jirani.

"Shikamoo, Profesa," alisema Kumbe. "Samahani sana. Narudi sasa hivi." Akampita mlangoni, kandambili mkononi.

Wodini mtoto alikuwa ameketi, maziwa yamemchora masharubu. Muuguzi alikuwa amempa dawa baada ya uji, na sasa wote watatu, muuguzi, mama na mtoto, wanangoja kimya kama wanaongoja matokeo ya mtihani. Kumbe akapiga magoti, akauvisha mguu.

Mtoto akautazama mguu. Akamtazama Kumbe. "Hii yangu."

"Yako. Nilikuwa nakutunzia."

"Na maziwa yangu."

"Maziwa sijayagusa."

Wakangoja. Dawa ikakaa. Muuguzi akaitikia kwa kichwa kuridhika, akaenda kitanda kingine. Mama kijana akajifuta uso kwa upande wa kanga.

"Dada, kwani wewe ni daktari?"

Swali hilo Kumbe alikuwa amelijibu mara mia, tena juzi tu kwa bibi wa goti. Jibu lake lilikuwa tayari siku zote: hapana, mimi ni wa maabara. Lakini alipofungua kinywa likatoka lingine.

"Bado," alisema.

Akalisikia neno lake mwenyewe. Dogo, halina kelele, limekaa pale kitandani kati yao kama mtoto wa pili. Hakuna aliyemwambia alitamke. Wala hakuna aliyekuwa amemjaza sikio. Msomaji wa tatu alikuwa amesoma.

Aliporudi, Profesa alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kumbe, na Jirani ameinamia hadubini.

"Profesa," alianza polepole, kwa maana mlango haufungwi bila upepo kukupiga usoni. "Nimekuja kukwambia mwenyewe. Nakwenda tiba."

"Nimeshajua," alisema Profesa. "Mtu anayenipita mlangoni na kiatu cha mtoto mkononi hanifai mimi. Anawafaa wenye miguu." Akacheka, kisha akaacha. "Ila nikuombe kitu. Huko wodini utakutana na mtoto anayerudi, na umeshauliza yote, na hakuna jibu. Wenzako watachoka, watasema basi. Wewe usiseme basi. Niletee swali."

"Nitaleta."

"Na huyu mwenzako amesomea nini?"

"Kama mimi. Tena alinishinda darasani. Jirani, unaulizwa."

Jirani hakuinua kichwa. Aliinua kidole. "Subirini kidogo, jamani. Subirini. Kuna kitu hapa."

Profesa akamtazama yule mwanamke mwembamba aliyemnyamazisha kwa kidole kimoja, na uso wake ukawa wa mtu aliyekwenda sokoni kutafuta ndizi akakuta na machungwa. Akajivuta kiti karibu, akasubiri.

Ijumaa, kabla ya saa sita, Kumbe aliandika majibu yake mawili, moja la ndiyo na moja la asante. Jioni akaingia nyumbani, akasimama katikati ya vipande vya vitambaa.

"Tiba," alisema.

Kaka akauweka chini mkate uliobonyea. "Utafiti wangu umekufa," alilia. "Nimepiga kampeni maduka yote! Nitawaambia nini wateja?"

"Waambie umenyolewa," alisema Mama.

"Basi angalau niwe mgonjwa wa kwanza. Shingo inaniuma tangu mwaka juzi."

"Panga foleni," alisema Kumbe. "Inaanza na goti la bibi."

Mama alikuwa amekwisha kupanda kigodani. Akateremsha kile kitambaa cheupe, akaondoa gazeti, akakikung'uta. Kumbe akakitazama, na lililokuwa limemkaa tangu Jumatatu likamtoka.

"Mama, ulikuwa umeshaniamulia, sivyo? Ulinunua koti la udaktari kabla sijajibu."

"La udaktari?" Mama alishangaa. "Kwani wale wa utafiti wanavaa nyekundu?"

Kumbe akaugusa ukingo wa kitambaa.

"Koti jeupe ni koti jeupe, mwanangu. Nimesema nilichokiona mimi, kwa kuwa uliniuliza. Ila kitambaa nilinunua kiwe chako, popote utakapokwenda nacho. Umeona nimekikata?" Akakigeuza huku na huku. Hakikuwa na alama hata ya chaki. "Jumatatu, wakati mnapiga kelele na kaka yako, nilikupima kwa macho. Ulikuwa umejikunja, mabega yako masikioni. Ningekata siku ile, leo lisingekuenea. Njoo hapa, simama wima."

Akampitishia futi ya kitambaa mabegani, kifuani, mkononi, pini mdomoni. Alipofika kiunoni akasimama.

"Mifuko?"

"Miwili, Mama. Wa kulia ushone mkubwa."

"Mkubwa wa kutia nini? Vile vipira vyenu vya kusikilizia moyo?"

Kumbe akafungua kiganja, akakitazama, akakipima kwa kidole cha mkono wa pili, kutoka kifundo hadi ncha.

"Utoshe kiatu cha mtoto," alisema.

Mama hakuuliza kwa nini. Akaweka alama ya chaki, akachukua mkasi.